Misamiati ya juu ya Kiingereza: kwa nini "neno la leo" halikai kichwani, na dawa yake

#1 Kalamu Butu

Wakuu, habari za jioni.

Magrupu ya WhatsApp yamejaa zile picha za "neno la leo": juu neno la Kiingereza, chini maana yake kwa Kiswahili, pembeni ua. Watu wanazihifadhi, wanakariri, halafu siku ya kuandika barua pepe ya ofisini inatoka "kindly mitigate the price" au "I want to alleviate my weight". Ukifungua kamusi, kote kumeandikwa "punguza". Kamusi haikudanganya, na sentensi bado ni mbovu.

Shida haiko kwenye kumbukumbu. Kiswahili kina "kupunguza" inayofanya kazi zote, wakati Kiingereza kazi hiyo kimeigawa kwa vitenzi chungu nzima, na kila kimoja kina vitu vyake kinavyovikubali. Tulipasue hilohilo neno.

"Mitigate" inakaa na hatari, athari na madhara: mitigate the risk, mitigate the effects of drought. Ukame uko palepale, makali yake ndiyo yamepungua. Ndiyo maana mahakamani mtu akishatiwa hatiani hupewa nafasi ya "mitigation": kosa halifutiki, anachoomba ni adhabu nafuu. "Alleviate" inakaa na maumivu, mateso, umaskini, msongamano. "Allay" ina marafiki wachache sana: fears, concerns, doubts, suspicions. Ukitoka hapo karibu imekwisha. "Assuage" ni ya hatia, majonzi na njaa. "Curb" ni kutia lijamu: matumizi, mfumuko wa bei, rushwa. "Curtail" ni kubana au kukatisha: uhuru wa mtu, haki, ziara. "Quell" inataka ghasia, uasi au uvumi. "Abate" na "dwindle", kwa matumizi ya kawaida, si kupunguza bali kupungua: the storm abated, supplies dwindled. Na bei je? Bei inataka tu "reduce", "cut" au "lower". Uzito unataka "lose". Redio ni "turn down", basi.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye uzi huu ni mmoja: neno la ngazi ya juu hulijui mpaka ujue linaandamana na maneno gani.

Kabla ya kukimbilia huko juu, angalia msingi. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno ya kawaida yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, akatoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo peke yake hufunika karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni. Familia maana yake "analyse, analysis, analyst, analytical" zinahesabiwa moja. Orodha ya Coxhead inapatikana bure mtandaoni, imegawanywa mafungu 10, na fungu la kwanza ndilo lenye maneno yanayojirudia zaidi. Mtu anayeyumba bado kwenye "assume", "derive" na "constitute" hana biashara na "sesquipedalian".

Msingi ukikaa, maneno magumu unayaokota kwenye kusoma. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunadai familia 8,000 hadi 9,000, yaani neno geni liwe moja tu kati ya 50. Ukikuta maneno mageni matano ndani ya mistari mitano, andiko hilo ni zito kwako kwa sasa, liweke pembeni utafute jepesi. Namna ya kuchagua: neno ukikutana nalo mara ya kwanza, lipigie mstari uendelee kusoma. Likijitokeza tena mahali pengine, hapo ndipo linastahili kadi ya marudio, swali mbele na jibu nyuma. Ambalo halijarudi ndani ya miezi miwili, achana nalo.

Karibuni wenye nondo.

#2 Dogo Mtafiti

Mkuu haya ni madini. Ila hapo kwenye kadi umepita mbio. Inaandikwaje? Weka moja nzima tuone.

#3 Kalamu Butu

Tuchukue "relinquish".

Mbele ya kadi: *After the court ruling, the chairman refused to ______ control of the company.* Chini yake kidokezo: kuachia ulichokuwa umekishikilia, mara nyingi kwa shingo upande.

Nyuma ya kadi: *relinquish*, ri-LING-kwish. Kitenzi, lugha rasmi. Huandamana na control, power, a claim, custody. Si kwa mambo madogo: kumpisha mama mjamzito kiti kwenye daladala ni "give up my seat".

Kosa linaloua kadi nyingi ni sentensi isiyo na meno. "He was very ______" inakubali maneno mia. Sentensi nzuri ni ile ambayo anayekijua Kiingereza akiiona na pengo lake, neno linamjia lenyewe, au yanamjia mawili matatu tu. Na usiitunge. Ichukue kama ilivyo pale ulipolikuta neno, kwa sababu bado hujui linakaaje, na ukitunga utalikalisha kwa mantiki ya Kiswahili.

Kosa la pili ni kuweka visawe au vinyume kwenye kikao kimoja. Zile orodha za "maneno 15 ya kutumia badala ya happy" zinapendeza kuzitazama, ila kujifunzia ni sumu. Tafiti za miaka ya 1990 za Tinkham na Waring zilionyesha kuwa maneno ya kundi moja la maana yakifundishwa pamoja huchukua muda mrefu zaidi kukaa kuliko maneno yasiyohusiana, maana yanaingiliana. Mtu anabaki anakumbuka kwamba kati ya "elated" na "despondent" moja ni furaha na jingine huzuni, lakini lipi ni lipi, giza. Leo soma "elated", hilo jingine lisubiri wiki tatu. Na ile aya yangu ya "kupunguza" hapo juu ni ya kurejea unapoandika, msiimeze kwa mpigo.

#4 Mwalimu wa Zamu

Uzi umesimama. Niongezee upande wa marudio, maana kadi nzuri bila ratiba ni karatasi tu.

Asiye na simu janja atumie sanduku la Sebastian Leitner, mfumo wa mwaka 1972. Unachukua boksi la viatu, unaligawa vyumba vitano. Karatasi ya manila ya A4 ukiikunja nusu mara tatu unapata kadi nane, na saizi hiyo inatosha sentensi moja kwa mwandiko wa kawaida. Kadi mpya inaingia chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza kinarudiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu siku nne, cha nne wiki, cha tano wiki mbili. Ukipata, kadi inapanda chumba. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa ya tano. Hapo ndipo watu wanajionea huruma na kuiacha ilipo, na sanduku linageuka pambo.

Mwenye simu atumie Anki, programu ya kadi za marudio. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Yenyewe inapanga siku ya kurudia, wewe kazi yako ni kusema ukweli kama ulikumbuka au la.

Sasa idadi. Watu wanaanza na maneno 30 kwa siku kwa sababu wiki ya kwanza inateleza. Hawajui kwamba marudio hulimbikizana: ukizoea kuongeza kadi 10 kila siku, baada ya muda utakuwa na marudio kati ya 70 na 100 kila siku. Kwa sekunde nane kwa kadi hiyo ni robo saa hivi, inabebeka. Kwa kadi 30 zidisha mara tatu, ndiyo maana mwezi wa pili programu inafutwa. Saba hadi kumi kwa siku, na siku yenye shughuli usiongeze mpya yoyote, rudia tu za zamani.

Kuna kadi zitakugomea. Anki ikiona umeikosa kadi moja mara nane baada ya kuwa umeishaijua, inaibandika jina la ruba, yaani inakunyonya muda bila faida. Usiendelee kuipiga. Ama sentensi yake ni mbovu, ama inagongana na kadi nyingine inayofanana nayo. Ibadilishe sentensi, au ifute.

La mwisho: kujua neno ukilisoma na kulitoa ukiandika ni ujuzi mbili. Kama lengo lako ni kusoma tu, kadi yenye neno mbele na maana nyuma inatosha. Kama unataka kuliandika, lazima pengo liwe mbele, kama alivyoonyesha mtoa mada.

#5 Fundi Bawaba

Napingana kidogo na hili la kuikimbia tafsiri. Vitu vya kushikika havina haja ya sentensi wala nini. "Hinge" ni bawaba, "anvil" ni fuawe, "chisel" ni patasi, "rudder" ni usukani wa chombo. Ukiandika sentensi kwa kila kimoja unapoteza kadi bure.

#6 Kalamu Butu

Hapo nakubali asilimia zote, mkuu. Kitu cha kushikika, tafsiri au picha inatosha. Vinavyosumbua ni vitenzi na vivumishi vya mambo ya kichwani.

#7 Wa Eldoret

Wazee, nina swali. Mimi nalenga IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, na baadaye GRE, ule wa kuombea masomo ya uzamili, hasa Marekani. Kuna vitabu vya mitumba vyenye maneno 3,500 na zaidi. Nivimeze?

#8 Chumba cha Mtihani

Hapana. Angalia mwaka wa kitabu kwanza. GRE iliondoa maswali ya vinyume na ya ulinganifu wa jozi za maneno mwezi Agosti 2011. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nayo iliacha sehemu ya kujaza sentensi kwa maneno magumu mwezi Machi 2016. Orodha nyingi za mitumba zilitungwa kwa ajili ya mitihani hiyo ya zamani, ambako kulijua neno peke yake kulikuwa kunakupa alama.

GRE ya sasa inakupa neno ndani ya sentensi. Kuna kujaza pengo moja hadi matatu, na ukikosa pengo moja kati ya matatu swali zima limekwenda, hakuna alama ya nusu. Halafu kuna aina ya kuchagua maneno mawili kati ya sita ambayo yote mawili yanaipa sentensi maana ileile. Mtego wake: ndani ya yale sita wanatia jozi ya visawe safi kabisa ambayo haiingii kwenye sentensi. Anayekimbilia visawe bila kusoma sentensi anaingia mtegoni. Fanya hivi: soma, ziba majibu kwa mkono, weka neno lako mwenyewe kwenye pengo, hata la Kiswahili, kisha ndipo utafute yanayofanana nalo.

IELTS ni kitu kingine. Msamiati ni robo ya alama ya kuandika na robo ya alama ya kuongea. Kwenye daraja la 7 wanachotafuta ni maneno yasiyo ya kila siku yanayotumika kwa kuelewa mtindo na maneno yanayoandamana nayo. Yasiyo ya kila siku haina maana ya adimu. "A sharp rise", "widely regarded as", "place a strain on public services" zinakubeba. "In this contemporary epoch, a plethora of myriad benefits" inakuzamisha: "plethora" ina harufu ya kupitiliza, na kuiweka kando ya "myriad" ni kurudia jambo mara mbili.

#9 Msema Chochote

Lakini mkuu, Waingereza wenyewe hawaongei hivyo. Mtu akisema "commence" badala ya "start" kwenye baa wanamcheka.

#10 Chumba cha Mtihani

Na wana haki ya kucheka. Ndiyo maana kadi lazima iseme kama neno ni rasmi, la kawaida au la vijiweni. "Commence" ni ya mkataba na tangazo la mahakama. "Utilise" mahali "use" inatosha haikuongezei hadhi hata kwenye ripoti.

#11 Ndugu wa Bukavu

Jambo wote. Kwa sisi tuliosomea Kifaransa, Kongo na Burundi, mambo yamepinduka kidogo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, sheria na mahakama. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi: "buy" ya zamani na "purchase" ya Kifaransa, "ask" na "inquire", "begin" na hiyo "commence" mnayoisema. Kwa hiyo maneno mnayoyaita magumu, kwetu mengi ni mepesi. Kinachotutesa ni vile vitenzi vifupi: "postpone" tunaielewa mara moja, "put off" inatuacha njiani.

Lakini kuna marafiki wanafiki. "Éventuellement" ni huenda, ila "eventually" ni hatimaye. Ukimwandikia mteja "we will eventually deliver" ukidhani umesema labda, yeye amesoma kwamba mtaleta, ila mtachelewa. "Actuellement" ni kwa sasa, "actually" ni kwa kweli. "Prétendre" ni kudai kwamba, "pretend" ni kujifanya. "Déception" ni kuvunjika moyo, "deception" ni udanganyifu. "Sensible" ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa, ya Kiingereza ni mwenye busara. Na hili ni hatari kwenye barua: "demander" ni kuomba tu, lakini "I demand" ni kudai kwa ukali. "Assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano, na "assist" ni kusaidia.

Kadi ya neno la namna hii tunaiwekea alama nyekundu juu, na nyuma tunaandika sentensi mbili, ya Kifaransa na ya Kiingereza, zote kwa pamoja. Hapa ile kanuni ya kutenganisha yanayofanana haifai, kwa sababu la Kifaransa tayari limeshakaa kichwani.

#12 Bint Malindi

Na sisi Waswahili tunayo njia yetu ya mkato ambayo hatuitumii, nayo ni Kiarabu. Maneno kadhaa ya Kiingereza yametoka chimbuko moja na ya kwetu. "Sifuri" na "zero" na "cipher" ni ndugu, wote wa ṣifr. Sasa "decipher", kufumbua maandishi yasiyosomeka, imeshapata pa kujishikiza: decipher a code, decipher the doctor's handwriting. "Tariff" ni nduguye "taarifa": ulikuwa ni ujulisho wa kiwango cha ushuru. Inaandamana na impose, na kihusishi chake ni "on": a tariff on imported sugar. "Monsoon" na "msimu" ni mawsim ileile, zile pepo ambazo majahazi yalizingojea.

Ila tahadhari: "nadir", yaani chini kabisa pa kufikia, inatoka naẓīr, haihusiani na "nadhiri" yetu. Hutamkwa NEI-dia, na huja na "reach": relations reached their nadir. Kinyume chake ni "zenith", Kiarabu pia.

#13 Mzizi Mkuu

Mnazunguka sana. Siri ni mizizi ya Kilatini na Kigiriki, basi. Sisi tumezoea mnyambuliko: soma, somesha, msomi, masomo. Kiingereza ni vivyo hivyo. Chukua "greg", kundi la mifugo: "aggregate" kukusanya pamoja, "congregate" kukusanyika, "segregate" kutenga, "gregarious" mtu wa watu. "Cred" ni kuamini: credible, credulous, incredulous, credence. "Loqu" ni kusema: eloquent, loquacious, colloquial. Mzizi mmoja, maneno manne, matano. Nani anahitaji kadi?

#14 Mhariri wa Usiku

Mkuu, umelitaja kundi la "greg" ukamruka mmoja: "egregious". Kwa mizizi ni aliyejitenga na kundi, na zamani ilikuwa sifa. Leo ni tusi: an egregious error, an egregious violation of the law. Ukimwandikia mtu "your egregious performance" ukidhani unampongeza, umemaliza.

Mizizi inasaidia kulikumbuka neno ulilokwisha kulijua. Kubashiri usilolijua, inakuangusha palepale unapojiamini. "Enervate" inaonekana kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha. "Noisome" haina kelele, ni harufu mbaya. "Restive" si aliyepumzika, ni asiyetulia: a restive crowd. "Meretricious" haina merit, ni kizuri cha kung'aa nje tu, na asili yake ni neno la Kilatini la kahaba. "Invaluable" ni cha thamani kubwa mno. "Inflammable" mnaiona kwenye malori ya mafuta, na hakuna anayedhani petroli haishiki moto, ila mtu akikutana nayo kwenye karatasi ya mtihani anasahau.

Halafu kuna pacha. "Ingenious" ni mbunifu, "ingenuous" ni mnyoofu asiye na hila. "Sanguine" ni mwenye matumaini, "sanguinary" ni ya kumwaga damu. "Discreet" ni msiri, "discrete" ni kilichotengana na vingine. "Economic" ni ya uchumi, "economical" ni isiyo na matumizi makubwa. Pacha wasikae kwenye wiki moja.

#15 Mzizi Mkuu

Sawa, "egregious" umenipiga bao. Ila bado: anayejua mizizi 50 anasoma haraka kuliko asiyejua hata mmoja.

#16 Mhariri wa Usiku

Hilo halina ubishi. Iandike nyuma ya kadi, mstari wa mwisho.

#17 Sauti ya Pwani

Kuna jambo mmeligusa kwa zile herufi kubwa kisha mkaliacha: matamshi. Kiswahili mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Tunaupeleka huohuo kwenye Kiingereza, na neno linakuwa geni kwa msikilizaji hata kama kila herufi imetamkwa. "Category" tunasema kate-GO-ri, wakati ni KA-ti-ga-ri.

Yanayoumbua watu wa ngazi ya juu ni yale ambayo wameyasoma miaka na hawajayasikia. "Hyperbole" ina silabi nne, hai-PAA-ba-li. "Epitome" ni i-PI-ta-mi. "Indict" ni in-DAIT, na neno hili wasoma habari wanalihitaji. "Albeit" ni ol-BII-it. "Awry" ni a-RAI. "Paradigm" ni PA-ra-daim, g haisikiki. "Subtle" b haitamkwi.

Kanuni moja inayolipa sana: maneno yanayoishia na -tion, -ity na -ic mkazo wake hukaa silabi iliyo kabla tu ya kiambishi hicho. Eluci-DA-tion, credi-BI-lity, eco-NO-mic. Wakaidi wapo, kama "lunatic" na "catholic", ambayo mkazo ni mwanzoni. Kanuni ya pili: baadhi ya maneno ya silabi mbili yakiwa nomino mkazo ni mbele, yakiwa kitenzi mkazo ni nyuma. RE-cord ni rekodi, re-CORD ni kurekodi. Vivyo hivyo conduct, permit, conflict.

Kwa hiyo kadi isiingie sandukuni kabla hujabonyeza spika ya kamusi ukasikia. Kulisahihisha lililokwisha kuzoeleka ni kazi mara tatu.

#18 Dogo Mtafiti

Na kamusi ipi? Na haya maneno yanayoandamana tunayapata wapi kama bando limeisha?

#19 Mwalimu wa Zamu

Kamusi za wanaojifunza, si zile za wenyeji. Tofauti yake: kamusi ya Longman ilipotoka mwaka 1978 ilifafanua maneno yake yote kwa maneno yapatayo 2,000 tu, na wengine wakaifuata njia hiyo. Ya wenyeji itakufafanulia neno gumu kwa magumu mawili. Hata toleo la karatasi lililochakaa linafaa: tazama mifano iliyo kwa italiki na vihusishi vilivyokolezwa wino, ndiyo hao majirani wa neno. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iwe ya mwisho kufunguliwa, kuhakikisha tu.

Ukiwa na bando, ingia COCA, hazina ya maandishi ya Kiingereza cha Marekani ya Mark Davies, yenye maneno zaidi ya bilioni moja ya miaka 1990 hadi 2019. Unajisajili bure, na kwa siku wanakupa idadi fulani ya utafutaji. Andika neno lako, chagua sehemu ya maneno jirani, utaona nini kinalifuata na mara ngapi. Ukiona ulichotaka kuandika hakimo kabisa, badilisha sentensi.

#20 Karani

Mmesahau vihusishi. Kwa Kiswahili uhusiano tunaumezesha ndani ya kitenzi: andikia, sisitizia, ombea. Kiingereza kinauacha nje, na kila neno lina wake. "Commensurate" ni with, ndiyo ile ya matangazo ya kazi, salary commensurate with experience. "Conducive" to. "Averse" to. "Devoid" of. "Fraught" with. "Tantamount" to. Andika kwenye kadi kama neno moja, "fraught with", usikitenganishe.

Na pale pasipohitaji, tunakiongeza: "emphasize on", "discuss about", "comprises of", "voice out". Zote nne kihusishi ni cha kufuta. Nomino ndiyo inayokitaka: emphasis on, a discussion about.

#21 Wa Eldoret

Basi nisahihishieni. Nimetunga tano.

1. My manager was disinterested in my proposal.
2. He is notorious for his generosity.
3. The minister refuted the allegations without giving any evidence.
4. The talks were fraught with difficulties.
5. I was very ecstatic about the results.

#22 Kalamu Butu

Ya kwanza unataka "uninterested", asiyevutiwa. "Disinterested", kwa matumizi ya uangalifu, ni asiye na maslahi binafsi, kama hakimu. Utawakuta wenyeji wanaichanganya, lakini msahihishaji anaweza kukukata.

Ya pili, "notorious" ni umaarufu wa ubaya. Weka "renowned" au "known".

Ya tatu inajipinga yenyewe. "Refute" ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jambo si kweli. Asiye na ushahidi ame-"deny" au ame-"reject". Magazeti hulitumia ovyo, usiwafuate kwenye mtihani.

Ya nne iko sawa, Karani amefanya kazi yake.

Ya tano, "ecstatic" tayari iko kileleni, haipandi tena kwa "very". Ama uiache peke yake, ama "absolutely ecstatic". Na kwenye barua ya kuomba kazi usiitumie, andika "delighted".